Ngiri Aliyegoma Langoni

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kama walioshiba, msinivunje moyo. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale Chui alitaka ghorofa. Akamweka Fisi awe msimamizi, naye Fisi akaajiri wanyama kumi na wawili, akauzungushia uwanja ua wa miba, akaacha lango moja tu. Kila mzigo ulioletwa aliutua langoni: matofali hapo, mbao hapo, nondo hapo. Mwisho watu wakawa wanapita ubavu ubavu, tena kwa kuvuta tumbo ndani.

Akaja Bi Ngiri kutafuta kibarua cha kubeba zege. Nyumbani ameacha watoto watatu na chungu kitupu. Sasa nyie mnajua, ukoo wa ngiri huingia shimoni kinyumenyume, ili hatari ikija watoke mbio, kichwa mbele. Basi akageuka, akarudi nyuma, matako yakakwama kwenye matofali. Mafundi wakacheka mpaka wakakaa chini.

Ngiri hakucheka. Akaketi palepale, akaliziba lango.

"Siingii mahali nisipoweza kutoka."

"Ingia, dada, wenzako wamepita," akasema Fisi.

"Siingii mahali nisipoweza kutoka."

"Basi nenda kwenu. Wenye njaa ni wengi."

"Njaa ninayo, Bwana Fisi. Lakini siingii mahali nisipoweza kutoka. Wala siendi."

Mimi jeuri ile naipenda, siwafichi. Alikaa hadi jua likapanda, na zege likaanza kukauka nje ya lango. Nyani, fundi mkuu, akaliita zege kutoka juu ya jukwaa, lisije. Akachungulia chini kuona kulikoni, ndipo akajiuliza, hatari ikija, yeye atatokea wapi. Kicheko kikamwisha. Akashuka, akabeba tofali, akaliweka kando. Tandala akabeba mbao. Wote wakabeba.

"Nani kawatuma?" Fisi akafoka.

Wakampita na mizigo yao. Njia ikafunguka, nyati wawili wangepishana. Ngiri akainuka, akaingia kinyumenyume, karai kichwani.

Alasiri nguzo ya jukwaa ikalia, ka! Ikalia tena, ka! Ikalia mara ya tatu, na ukuta ukapinda. Wakatoka mbio wote, asikanyagwe hata mmoja, na wa kwanza kutoka alikuwa Fisi. Ukuta ukaanguka nyuma yao.

Fisi akajipangusa vumbi. "Mwaona faida ya msimamizi? Nisingeamuru njia ifunguliwe, saa hizi tungekuwa tunazikana."

Ngiri akamtazama kutoka kucha hadi masikio.

"Ahsante, bwana msimamizi. Na kesho ukirudisha tofali langoni, hata moja, utanikuta nimelikalia. Wala sitakaa peke yangu."

Wale kumi na wawili wakasogea, wakasimama nyuma yake.

Hadithi yangu imeishia hapo hapo langoni. Aliyeudhika na aondoe matofali yake.