Mtihani wa Jiwe Mlimani

Ndugu zangu, leo sitawapeleka mbali. Mfano wangu uko hapo nje, kwenye barabara hiyo ya lami inayonguruma mpaka inanipokonya sauti nikihubiri.

Palikuwa na kijana mmoja, utingo wa malori. Utingo mnamjua. Dereva analala gesti, yeye analala chini ya tela. Dereva anakula, yeye anafunga turubai. Huyu alikaa utingo mpaka ndevu zikamtoka, na kuendesha akajifunza kwa hisani ya madereva waliochoka, waliomwachia usukani kwenye tambarare. Leseni ya magari makubwa akaipata. Kazi ndiyo hakuipata. Kila yadi aliyobisha hodi aliulizwa swali lile lile, "Umemwendeshea nani?" Jamani, mtu ambaye hajawahi kupewa gari amwendeshee nani? Mnaguna? Guneni tu, maana wenye yadi wengine mmo humu ndani.

Hatimaye tajiri mmoja mwenye malori akamwambia, njoo nikujaribu. Asubuhi ya siku hiyo mkewe akawasha pasi ya mkaa, akamnyooshea shati alilofungia ndoa, maana ndilo pekee lenye kola nzima. Akamfunga vifungo mwenyewe kama mtoto anayepelekwa shule. "Baba Penieli," akamwambia, "nakuomba, leo usibishane na mtu. Utakaloambiwa lolote, wewe sema ndiyo bosi. Nimechoka kuishi kwa mama."

Kijana akaondoka na maneno hayo kichwani. Mnaona alikoelekea? Hakwenda kuendesha lori tu, alikwenda kumtoa mkewe kwenye chumba cha uani kwa mama mkwe, ambako hata kukohoa wanakohoa kwa adabu.

Tajiri alikuwa mtu mzima, mkali, anayeheshimika. Akapanda mwenyewe upande wa abiria, lori limesheheni saruji. "Twende mlimani turudi," akasema. Kijana akaliondoa lori taratibu, akapita sokoni bila kugusa hata toroli, akaingia mlima. Gia zikamtii. Tajiri alinyamaza, na ninyi mnajua mtu wa namna hiyo akinyamaza ujue ameridhika. Kijana moyoni alikuwa anaimba.

Katikati ya mlima, pale penye kona mbaya, upepo wa breki ukaanza kushuka. Hosi inavuja. Akalisimamisha lori kwenye njia yake, maana pembeni ni korongo, akaruka chini, akatafuta mawe. Moja akalipata, kubwa, la kukumbatia kwa mikono miwili, akalibana nyuma ya tairi. La pili akalibana upande wa pili. Akavunja matawi, akayatandaza barabarani huko nyuma ili wanaokuja wajue kuna gari limekwama. Yote hayo alifanya bila kuambiwa. Kisha akaingia chini ya lori na shati la ndoa, akaifunga ile hosi kwa kipande cha mpira wa tyubu. Alipotoka alikuwa mweusi tii kwa grisi, lakini upepo ukajaa tena na lori likawa zima.

Akapanda, akaliondoa. Lilipoanza kukaza mwendo akasema, "Bosi, nikifika pale juu penye nafasi nisimame, nishuke mara moja nikatoe mawe na yale matawi."

"Mawe yamekufanya nini?" tajiri akauliza.

"Yako njiani, bosi. Mtu atayavaa."

"Kijana, nimekuja kukupima udereva au ufagizi wa barabara? Twende. Nina wateja."

Sasa nisikilizeni vizuri. Kijana alitazama kioo cha pembeni. Aliyaona mawe yale, yamekaa kwenye lami kama yamezaliwa hapo. Aliijua dhambi ile kuliko wote tuliomo humu, maana utingo ndiye anayetumwa kutoa mawe, na ndiye anayeona waliokufa kwa sababu ya utingo mwingine aliyeona uvivu. Mguu wake ulitaka breki. Lakini akalisikia lile neno la asubuhi, usibishane na mtu. Akaona chumba cha uani. Akasema, "Ndiyo bosi," akaongeza gia.

Je, wewe ungesimama? Usinijibu upesi.

Wakageuzia mbele huko, na tajiri akamwelekeza washuke kwa njia ya mchepuko, isiyopita kwenye mawe, ya vumbi, aone anavyokwenda kwenye mashimo. Akaenda vizuri. Yadini akaambiwa arudishe tela kinyumenyume kati ya malori mawili, akalipachika pale bila kurekebisha hata mara moja. Mafundi wakapiga miluzi. Akazima injini, akasubiri neno.

"Mikono unayo," tajiri akasema. "Mkono kama wako sijauona siku nyingi. Lakini sitakuajiri."

Kijana akamgeukia. "Nimekosea wapi, bosi?"

"Uliacha mawe barabarani."

"Lakini bosi, wewe ndiye uliyesema twende!"

"Nilisema, ndiyo. Nilitaka nikuone. Siku nyingine atakwambia mtu pita na tairi bovu, utapita. Ungenibishia pale mlimani, sasa hivi ungekuwa na funguo mfukoni. Nenda kwa amani."

Mwaonaje, tajiri huyu ana hekima? Naona wengine mnatikisa kichwa, mnasema hapo kweli, hapo kamkamata. Hata makarani ofisini kwake walisema hivyo. Aliingia akawasimulia, wakacheka, wakamwambia, "Bosi, una jicho wewe!" Akaagiziwa chai. Akainywa ametulia, mtu aliyeshinda.

Na kijana? Akatoka getini na shati lake la grisi, machozi yanamchoma. Atamwambia nini mama Penieli? Mlima ulikuwa unaonekana kutoka pale getini. Akautazama. Yale mawe yakamjia akilini. Akasema kwa sauti, mlinzi akamsikia, "Akayatoe mwenyewe. Mimi si dereva wa mtu." Akashika njia ya kwao.

Basi mtihani ukaisha. Aliyepima amepima, aliyefeli amefeli. Mawe hayakujua kwamba yalikuwa mtihani. Matawi yalishapeperushwa na magari, yakabaki mawe yenyewe kwenye kona, rangi moja na lami, na jua likazama.

Akaja wa bodaboda amembeba mama anayetoka kumwuguza dada yake. Mnataka niseme alikuwa mama yake yule kijana, au mke wa yule tajiri, ili mfano unoge? Hapana. Alikuwa mama wa watu. Hamna aliyemjua. Wote wawili walizikwa wiki hiyo.

Habari zikafika yadini. Tajiri akasema, "Si niliwaambia? Kijana yule hafai." Zikafika uani kwa mama mkwe. Kijana akasema, "Yeye ndiye aliyeniambia twende." Na ukiwasikiliza, kila mmoja ana ukweli wake, tena ukweli mtupu. Ukweli wanao wote wawili, na barabarani kuna damu.

Wapendwa, nimeuleta mfano huu kwa hasira, na hasira yenyewe sitaificha. Sisi humu ni mabingwa wa kupima. Binti wa kwaya alipopata mimba tulikaa kikao. Tulisema kweli tupu, hakuna aliyemsingizia. Tukamvua joho, tukafunga kwa sala, tukaenda kula. Aliyekwenda kumwona ni nani? Mzee wetu aliyerudia pombe tukamfuta kwenye orodha, kwa haki kabisa. Jumapili ngapi anapita hapo dirishani akiyumba, na sisi tunaimba? Tumejua nani kakosa, tumeridhika na macho yetu makali, na jiwe tumeliacha pale pale kwa ajili ya mtoto wa mtu.

Na wewe uliyeonewa, uliyefukuzwa bila haki, najua una uchungu na uchungu wako ni wa kweli. Lakini ulitoka getini unaona mlima, ukaenda nyumbani.

Msiniambie amina. Amina ni rahisi, hata tajiri yule angeisema. Binti yule anajifungua mwezi huu, na nyumba yao mnaijua, iko nyuma ya mashine ya kusaga. Ibada ikiisha mimi nakwenda huko kwa miguu. Sitamwuliza mtu njiani kosa lilikuwa la nani.