Kamba ya Kupimia Mto

Wapendwa, palikuwa na mkulima mmoja, mtu mwema tu, msimfikirie vibaya. Shamba lake lilishuka mpaka mtoni. Kijiji kikapitisha sheria kwamba kila mtu aache hatua sitini kutoka kwenye maji bila kulima, miti iote, mto usikauke.

Yule bwana alilalamika mkutanoni, na mimi simlaumu. Hatua sitini zilimeza robo ya mahindi yake, na nyumbani kuna watoto sita. Kisha akauliza, hatua za nani? Mwenyekiti ana miguu mirefu kama korongo! Wakabishana mikutano mitatu, mpaka ikakatwa kamba moja ya kumpimia kila mtu.

Siku ya kupima, mkewe alishika ncha ya kamba pale maji yanapoanzia. Mume akapanda na ncha ya pili, akachomeka vijiti. Mwaka uliofuata wakapima tena, wakajikuta wamepata mistari miwili zaidi ya kulima. Mwaka wa tatu, minne. Mume akawa anarudi nyumbani anaimba. "Mama watoto, kumbe sheria yenyewe si mbaya." Mke alimpenda sana, hakutaka kumkatisha wimbo. Akaendelea kumshikia kamba.

Mwaka wa saba mume alisimama juu na ncha yake, akavuta. Kamba ikalegea tu.

"Mbona hushiki, mke wangu? Simama kwenye maji."

Mke alikuwa katikati ya mto, miguu mikavu. Akajibu taratibu, "Baba watoto, nimeyafuata maji mpaka yamekwisha. Sasa nisimame wapi?"

Ndugu zangu, kamba ilikuwa na kosa gani? Haikupungua hata kidole. Na hesabu ya mahindi je? Ilikuwa sawa kabisa.

Na sisi Jumapili iliyopita tulikaa hapo nje saa nzima, tukibishania chanzo chetu cha maji, nani atapima, nani atapata hasara. Tubishane, si dhambi. Hasara inauma, na njaa ya mtoto si mchezo. Lakini akina mama walikuwa wamesimama pale pale na ndoo zao, na hakuna aliyewauliza neno. Hata mimi mchungaji wenu sikuwauliza, na nimeona haya.

Basi leo ukifika nyumbani, kabla hujashika kamba, mwulize anayekuchotea maji: siku hizi unatembea mpaka wapi?