Kaa Magando Aingia Jikoni

Nizame?
— Zama!
Nikikawia?
— Tutakuvuta kwa kamba!

Hapo kale, chini kabisa ya bahari, mahali ambapo jua halijatia mguu tangu Mola aumbe dunia, paliishi mnyoo aitwaye Bi Shungi. Nyumba yake ilikuwa mwanzi mweupe ulioganda mwambani, na miguu ya kuhama hakuwa nayo. Kinywa hana, tumbo hana. Ana shungi jekundu tu kichwani, alilolitikisa akitaka kusema. Kando yake ilisimama dohani ya mawe, ikipumua moshi mweusi: fooo... fooo...

Mwanzi wa jirani ulikuwa mtupu. Ulikuwa wa dada yake. Maji yakipita humo yalilia wuuu, na Bi Shungi akisikia hujikunja.

Siku moja akasikia: kacha, kacha, kacha. Ni Magando, kaa mweupe kama sanda.

"Hodi, shemeji! Dada yako alikuwa mtamu."

Akaukamata mwanzi. Krii! Ukaanza kupasuka. Mara akasita.

"Hebu kwanza. Kinywa huna, tumbo huna. Mbona umenona hivi?"

Bi Shungi akatikisa shungi. "Ndani yangu wanakaa wapishi, wadogo hata hawaonekani. Mimi nawavutia moshi, wao wananipikia."

"Moshi unatoka wapi?"

"Jikoni."

"Jiko liko wapi?"

"Pale kwenye dohani. Lakini usiende, Bwana Magando. Mwanamume haingii jikoni kwa watu."

"Nani kasema?"

"Ndiyo adabu. Bora unile mimi, tonge moja tu, uende zako."

"Tonge moja! Mimi huyu nile tonge moja na jiko zima lipo?"

"Basi angalau upige hodi."

Kacha, kacha, kacha. Akafika. "Hodi jikoni!"

Fooo... ikajibu dohani.

"Umesikia? Wamenikaribisha!"

Kacha, kacha... ka.

Fooo...

Baadaye moshi ukatema gamba la Magando, limeiva. Lilikuwa jekundu, jekundu kama shungi la Bi Shungi. Likashuka polepole, likatua mlangoni pake, macho yamemwelekea.

"Nisamehe, Mola wangu," akasema Bi Shungi. "Mdomoni nilimkataza, na mdomo wenyewe sina. Moyoni nilikuwa naomba aingie."

Wuuu, ukalia mwanzi wa dada.

Bi Shungi akatoa shungi lake, akavuta moshi, maana wapishi walikuwa wanangoja.

Hadithi yangu imekwisha. Aliyesinzia amwulize jirani yake.

Na funzo ni hili: enyi waume, acheni kiburi. Ingieni jikoni mkawasaidie wake zenu, msiingie kwa ulafi kama Magando.