Zimwi na Kaburi la Mama Mkunde

Sogeeni, niwape ya makaburini. Mama Mkunde alichambua choroko, akamkumbusha mumewe kufunga mlango, akalala, hakuamka.

Alipozikwa, likaja zimwi linalomeza makaburi yasiyo na majina.

"Nani huyu?"

"Mke wangu," mume akajibu kwa uchovu.

Likameza mawe. "Nani huyu?"

"Mama Mkunde."

Likameza udongo. "Akina mama wamejaa humu, mzee! Nani huyu?"

Tangu harusi mume hakuwahi kumwita mkewe kwa jina lake mwenyewe, kwa heshima.

"Nakiete," akasema.

Zimwi likatema vyote. "Kesho jioni nitameza kaburi la bibi yake jirani yako."

Asubuhi mume alibisha kwa jirani.

"Bibi yako aliitwa nani?"

"Bibi tu, mzee. Sote tulimwita Bibi."

"Vaa viatu. Twende kwa shangazi yako kabla ya jioni."