Choo cha Sultani katika Bonde la Mvuje

Hapo zamani, katika nchi iliyoitwa Jumbali, alitawala Sultani mmoja jina lake Dahmani, mtu mkarimu wa moyo ila mwepesi wa kutamani. Akiona kilemba kizuri kichwani mwa mtu, hapati raha mpaka apate chake cha kukishinda. Basi mwaka mmoja akaenda kumzuru Sultani mwenzake wa nchi ya pili, akamkuta anakaa katika kasri iliyozungukwa na majani mabichi pande zote, madirisha yakifunguliwa ndege huingia mpaka kwenye sinia la chakula. Dahmani akarudi kwake mgonjwa wa wivu. Akalitazama jumba lake lilivyobanwa katikati ya mji, mbele soko la samaki, nyuma wafua chuma, akajiona anaishi kama kuku tunduni.

Akamwita waziri wake, Shekuwe, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukubali.

"Waziri," akanena, "nataka kasri mahali penye majani mabichi."

"Majani yapo, Bwana wangu. Yapo Bonde la Mvuje, chini ya mji. Ila wamo wakulima."

"Watoke."

"Na waende wapi, Bwana?"

"Si kuna ardhi tele kule Maweni, juu kilimani? Tangu enzi ya babu yangu imekaa bure. Wakalime huko."

Na kweli ilikaa bure, kwa kuwa Maweni palikuwa mawe matupu, jembe likipigwa hutoa cheche. Bonde la Mvuje ndilo lililoilisha Jumbali nzima kwa mpunga, magimbi, mchicha na miwa, na udongo wake ulikuwa mweusi, ukiufinya hubaki kiganjani kama donge la halua. Lakini Sultani hakuwahi kushika jembe maishani, naye Shekuwe alilishika mara moja tu, alipokuwa akimpa mtu mwingine.

Wakulima waliposikia amri hiyo wakamtuma Bi Mize, mjane aliyelima mpunga bondeni miaka thelathini, aende akawasemee. Akafuatana na ndugu yake, Shaibu. Bi Mize akapiga magoti mbele ya Sultani, akasema, "Bwana wetu, amri ni yako na sisi ni watu wako. Lakini bonde lile si pa kujenga. Ukichimba kidogo tu unakutana na maji, na ikifika masika hapana hata pa kusimama kuku."

Sultani akamgeukia waziri. Shekuwe akamnong'oneza, "Wanasema hivyo ili wasihame, Bwana. Mimi nilipita pale juzi, na kiatu changu hakikulowa."

Asichokisema ni kwamba alipita juu ya punda.

Basi Sultani akaona anafanywa mtoto, akakasirika, akatoa amri mbele ya kadhi na barza nzima: "Tangu leo, mtu yeyote atakayetamka neno maji juu ya Bonde la Mvuje, awe nani awaye, atapigwa viboko ishirini."

Shaibu alikuwa mtu wa haraka. Akasema, "Lakini Bwana, maji yenyewe—"

Akapigwa ishirini palepale uani, dada yake akitazama, na juma zima akawa halalii mgongo. Bi Mize akamkanda kwa majani ya moto. Tangu siku hiyo watu wa Jumbali wakajifunza kuchunga ndimi zao. Wakitaka kulitaja jambo lile husema "yule bwana wa chini," kisha hutazama nyuma yao.

Ikawa wakulima wamehamia Maweni. Wakajenga vibanda, wakaanza kuokota mawe ili wapate mahali pa kupanda, na kila walipotoa jiwe wakakuta jingine limelala chini yake. Wakayapanga marundo marundo, mpaka marundo yakapita vibanda kwa urefu. Miche ya mpunga waliyokwenda nayo ikageuka manjano, kisha ikageuka makapi. Huku mjini soko likawa jeupe. Fungu moja la mchicha likionekana, watu husimama kulitazama kama bibi harusi. Sultani mwenyewe akaletewa choroko asubuhi, choroko mchana na choroko jioni, naye akadhani ni uvivu wa mpishi, akabadilisha wapishi watatu.

Sasa katika mji huo alikuwako maskini mmoja aitwaye Faki, mchimba vyoo na visima. Hakuwa na kitu ila sururu, kamba na mdomo. Harusini hakualikwa, ila kama choo cha wenye harusi kimejaa. Lakini aliijua Jumbali kwa chini, nyumba baada ya nyumba, wapi pana mwamba, wapi pana mchanga, wapi pana udongo wa kupanda, na watu wakasema Faki hajui mlango wa mbele wa mtu yeyote, ila hakuna nyumba asiyoijua.

Shekuwe alipokwisha kupiga vigingi na kutandaza kamba bondeni kuonyesha kasri itakapokaa, akamwita Faki aje achimbe choo cha Sultani. Faki akaenda, akachimba. Alipofika dhiraa mbili, shimo likamjaa mpaka magotini. Akapanda juu, akajikamua shuka, akaenda zake barzani.

"Umemaliza?" Sultani akamwuliza.

"Bwana wangu, nimefika dhiraa mbili, nikawakuta wenyeji."

"Wenyeji gani?"

"Sijui kabila lao, Bwana. Macho yamewatoka, wanaimba kwa zamu, na wote wanajua kuogelea."

Wazee wa barza wakainama, kila mmoja akijifanya anatengeneza kiatu. Sultani akaona anadhihakiwa, uso ukamwiva.

"Sikiliza wewe mchimba mavi," akasema. "Ninataka choo ndani ya kamba zangu, si nje yake hata shubiri moja. Kiwe na kina cha dhiraa saba toka pa kukalia hadi chini kabisa, na kiwe kikavu kama kiganja changu. Nakupa siku kumi. Ukiweza, omba utakalo katika nchi hii. Ukishindwa, nitakuzika humohumo ndani, na wenyeji wako watakuimbia."

Faki akasujudu, akanena, "Nimesikia na kutii, Bwana wangu. Lakini mimi ni msahaulifu, na shingo ninayo moja. Naomba maneno hayo yaandikwe."

Sultani akaamuru karani ayaandike neno kwa neno, kadhi akatia sahihi yake, na Faki akatoka.

Akashika njia moja kwa moja mpaka Maweni. Akamkuta Bi Mize amekaa juu ya rundo la mawe, mikono imechubuka, anaitazama miche yake iliyokufa.

"Bi Mize, nimekuja kukuomba mawe," Faki akasema.

Bi Mize akajibu, "Faki, mwanangu, wewe ndiye mtu wa kwanza kuja huku akaomba kitu nilicho nacho. Chukua. Chukua yote, uchukue na kilima."

Faki akamweleza amri aliyopewa na lile alilokusudia. Bi Mize akasikiliza, na alipofahamu akacheka mpaka akashika mbavu, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu ndugu yake apigwe. Kisha akaacha kucheka. "Na asipokubali? Si utakufa, Faki?"

"Nitakufa. Nimeogopa tangu nilipotoka barzani. Lakini kuchimba siwezi, maana yule bwana wa chini hajui kutii amri. Na ninyi huku, mtakula nini mwaka huu? Mawe?"

Bi Mize akainuka, akaita watu. Wakulima wote wakatoka vibandani, Shaibu akiwa wa kwanza ijapokuwa mgongo ulikuwa bado unamwuma. Wakachoma chokaa, wakapakia mawe juu ya punda, wakateremka bondeni safari baada ya safari, na waliokuwa hawana punda wakabeba vichwani. Watumishi wa waziri walipouliza, Faki akajibu, "Choo cha Sultani hicho," nao wakapisha.

Siku ya saba mvua za masika zikaanza. Siku ya kumi zikapumzika kidogo, na Sultani akatoka kwenda kukagua, pamoja na waziri, kadhi, karani na wapiga tarumbeta, nao watu wa mji wakafuata nyuma, maana habari ilikuwa imekwisha kuenea.

Sultani alipofika ukingo wa bonde akasimama. Katikati ya kamba zake palikuwa na mnara mviringo wa mawe ulioinuliwa juu ya rundo la mawe, umepakwa chokaa nyeupe pepepe, una ngazi za kuuzunguka, na kule juu kabisa, waziwazi kwa mbingu na nchi, pana jiwe la kukalia lenye tundu katikati na kifuniko cha kuzuia mvua.

"Faki," Sultani akasema kwa sauti ndogo. "Ni kitu gani kile?"

"Choo chako, Bwana wangu."

"Nilikwambia uchimbe!"

"Kwa radhi yako, na karani atusomee."

Karani akafungua karatasi, akasoma. Neno kuchimba halikuwamo. Kadhi akapanda ngazi akishikilia kilemba chake, akapima kwa kamba toka pa kukalia hadi chini, akapata dhiraa saba kamili. Akateremsha pamba iliyofungwa kwenye uzi, akaitoa, akaibonyeza shavuni. "Kikavu, Bwana," akatangaza toka juu. "Tena ni kikavu kuliko kiganja chako, maana naona unatoka jasho."

Kadhi yule alikuwa mzee sana, hakuogopa tena kitu.

"Na kuta ziko wapi?" Sultani akafoka.

"Hazikuagizwa, Bwana wangu," Faki akajibu.

Kadhi alipokwisha kushuka, Sultani akakusanya kanzu yake, akakanyaga tope mpaka vifundoni, akapanda mwenyewe kuhakikisha. Alipotokeza juu, watu wote wa Jumbali waliojaa ukingoni, kwa adabu waliyofunzwa, wakapiga magoti kwa pamoja na kupaza sauti, "Shikamoo, Bwana wetu!" Wapiga tarumbeta nao, kwa mazoea, wakapiga.

Sultani akaganda pale kando ya tundu. "Je, itakuwa hivi kila nitakapokuja huku?"

"Sisi hatuwezi kukuona tusikuamkie, Bwana," Shaibu akajibu toka chini. "Itakuwa utovu wa adabu."

Sultani alitaka kushuka, lakini kabla hajashuka macho yake yakatembea. Tangu azaliwe hakuwahi kuiona nchi yake kwa juu. Akaona Maweni, juu na pakavu, upepo unapita, vibanda vya wakulima vimesimama imara bila hata ufa, na pembeni mwao mistari ya miche iliyokufa. Akaona soko la mji, akina mama wamekaa na nyungo tupu mapajani. Kisha akatazama chini yake, akaona bonde zima linang'aa kama sinia la fedha, vigingi vya waziri vimeng'oka vinazunguka polepole, na kamba za kasri zinaelea.

"Faki!" akaita. "Kile king'aacho ni kitu gani?"

"Bwana wangu, mimi nina mgongo mmoja tu."

"Waziri! Ni kitu gani?"

Shekuwe, aliyekuwa ameshalowa mpaka magotini, akasema, "Ni... ni umande, Bwana."

"Umande!" Sultani akanguruma. "Mpumbavu wewe, hayo ni maji! Bonde zima ni maji!"

Faki akamgeukia kadhi, akauliza kwa upole mwingi, "Ewe kadhi wetu, umemsikia mtu akitaja neno?"

Kadhi akakohoa. "Nimemsikia."

"Na amri inasemaje?"

"Inasema awe nani awaye," kadhi akajibu.

Sultani akasimama juu ya choo chake mbele ya nchi yake. Akamtazama Shaibu, akamwona alivyosimama upande kwa ajili ya mgongo, akaona haya. Kisha kitu kikamtekenya, akaanza kucheka, akacheka hadi akataka kukaa, akaangalia pa kukalia palivyo, akacheka zaidi. Na watu walipomwona anacheka, bonde lote likacheka.

Aliposhuka hakwenda kwa Faki kwanza. Akaenda kwa Shaibu, akamwambia mbele za watu, "Nilikupiga kwa kusema kweli. Niwie radhi." Akafuta amri yake, akawarudishia wakulima bonde kabla masika hayajapita, wakawahi kupanda. Akamwamuru Shekuwe alime Maweni msimu mmoja, na ale atakachovuna. Shekuwe akavuna jino, alilolivunja kwa kipande cha jiwe kilichoruka.

"Nawe, Faki," Sultani akanena, "omba utakalo."

Faki akasema, "Bwana wangu, naomba iwe mtu asijenge nyumba wala asing'oe shamba katika Jumbali, awe nani awaye, mpaka mimi nimechimba pale shimo kwanza nikaona pana nini."

Akapewa. Ikawa watu wanajenga Maweni, wanakolala pakavu na nyumba hazipasuki, mji ukapanda kilima taratibu, nao mpunga ukabaki bondeni. Matajiri waliokuwa wakimpita Faki wameziba pua sasa wakawa wakimpelekea kahawa na kumwita bwana mkubwa, naye akawa akinywa kahawa yao na kuchimba vilevile.

Mwaka wa pili Sultani mwenyewe akaja, amevaa kanzu ya kawaida, akaomba ruhusa ya kusogeza ukuta wa jumba lake dhiraa kumi upande wa bondeni, apate japo kijibaraza cha kutazama majani. Faki akashika sururu yake, akachimba, akatoa udongo mweusi, akaufinya na kumwonyesha kiganjani.

"Hapa panalimwa, Bwana wangu."

Basi Sultani akashukuru, akakunja kanzu yake, akaenda zake kutafuta mahali penye mawe pa kujengea.

Mambo hayo yalitokea Jumbali kama nilivyosimuliwa. Sikuongeza ila chumvi, na chumvi yenyewe haikuzidi.