Boga Moja Lililokataa Kugawanyika

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mashamba na nyumba zao, na wengine wavivu kama nyinyi mnaonisikiliza, Kiboko na Nyati walilima maboga kwa ubia. Pimbi, mjane mdogo wa kule majabalini, ndiye aliyewahesabia mavuno: maboga elfu mbili mia tano na ishirini.

Kesho yake Kiboko akapita mlangoni kwa Pimbi, akaona boga moja alilowawekea wanawe. Akalibeba. Pu, akalitupa kwenye rundo.

"Bwana Kiboko, lile ni langu. Wanangu watakula nini?"

"Likishaingia kwenye rundo ni la rundo. Kwanza utalijuaje? Maboga yote sura moja."

Pimbi akamtazama kidogo. "Haya, baba. Gawaneni basi."

Desturi ya huko ilikuwa hivi: boga halikatwi wakati wa kugawana, na likibaki hakuna wa kulichukua, maana zamani ndugu wawili walitoana macho kwa boga la mwisho. Likibaki, inaitwa kaya nyingine, mnaanza upya.

Wakagawana wawili. Huku moja, huku moja, pu, pu, mpaka jasho. Likabaki moja.

"Mwiteni Fisi," akasema Pimbi.

Wakagawana watatu. Likabaki moja.

Kiboko akajikuna shingo. "Kwa wawili moja, kwa watatu moja? Inakuwaje?"

"Ndivyo hesabu ilivyo, baba. Mwite Ngiri."

Wanne, moja. Akaja Tumbili, wakawa watano. Moja.

"Nyati, umelalia boga wewe?" akauliza Kiboko.

"Mimi? Chungulia chini ya tumbo lako kwanza."

Sita, saba, nane. Kiboko aliona fungu lake linavyopungua kila mgeni anapoingia, lakini akajiambia safari hii halitabaki boga. Likabaki. Akaanza kuamini linalobaki ni lilelile, linamfuata. Akalifukia katikati ya rundo. Likabaki jingine, nalo likamkodolea macho vilevile.

Walipofika kaya kumi likabaki moja tena. Kiboko akaketi chini, pwaa.

"Pimbi, mama yangu, liondoe. Lipeleke popote."

"Ni langu?"

"Ni lako. Lichukue kabla sijawa mwendawazimu."

Pimbi akalisogeza pembeni kwanza, wanawe wakalishika. Kisha akasema, "Yale maboga yenu niliyoyahesabu yanakubali kugawanywa kwa wawili, kwa watatu, kwa kila idadi mpaka kumi, bila kubaki kitu. Ukiongeza moja la mtu, hayakubali hata kwa wawili."

Kiboko akatikisa masikio. Ilimchukua muda. "Kwa hiyo bila lako, mimi na Nyati..."

"Nusu kwa nusu. Tangu asubuhi mngekuwa mmeshakula."

Kiboko akawageukia wageni. "Jamani, rudini makwenu, kulikuwa na kosa dogo."

Fisi alikuwa amekalia fungu lake, anajilamba. "Desturi, mzee. Aliyeitwa kugawana hafukuzwi."

Wakagawana kumi, na kweli hakikubaki kitu. Nyati hakusema na Kiboko tena msimu mzima. Kiboko akabaki amekodolea macho fungu lake dogo, ananung'unika, "Kwa wawili moja, kwa watatu moja," na mpaka leo hajaielewa hesabu ile.

Nyinyi eleweni: ukimnyang'anya mdogo kimoja chake, jiandae kugawana vyako na wengi.