Turubai Moja, Watoto Wawili

Hapo zamani, katika nchi ambako baridi ikizidi hata mto unaganda, alikuwepo mchoraji Myahudi, jina lake Zelman. Ukoo wao ulishika dini sana, hawakuweka sura ya mtu ukutani, hata picha ya kamera hawakupiga. Zelman akachora hivyo hivyo, lakini akachora nyuso za buluu, nyuso za kijani, jicho moja juu jingine chini.

Baba yake akafoka, "Zelman, Taurati imekataza sanamu!"

"Baba, umewahi kuona wapi mtu wa buluu? Basi hiyo si sura ya kiumbe yeyote."

Mzee akacheka mpaka ndevu zikatikisika. Majirani nao wakaja na yao: "Mchoraji, hawa watu wako wote wanaumwa ini?"

Zelman na mkewe Rifka walikuwa na binti, Mirele. Homa ikamjia, jamani, asubuhi anacheza, jioni mwili moto, mara hayupo, mama yake bado amemshika mkono. Zelman akamchora kwa buluu kwenye turubai, kitambaa kizito cha kuchorea, na kila aliyemjua alisema kicheko chake ndicho hiki. Picha nyingine ya Mirele haikuwepo duniani.

Ikaja vita, wakaja watawala waliowawinda Wayahudi. Zelman akakatazwa hata kununua rangi. Jirani yao Teodora, mjane Mkristo, mfua nguo, akawaficha darini kwake, nao wakapanda na turubai lile moja la Mirele na rangi zilizobaki. Rifka alikuwa mjamzito. Wa kuwatafutia mkate alikuwa Anton, mwana wa pekee wa Teodora, kijana anayeanza kuota ndevu. Akakamatwa na mkate uliozidi wa watu wawili, akaulizwa ni wa nani. Hakusema. Wakampiga risasi.

Teodora akapanda darini. "Sina hata picha yake. Zelman, nichoree mwanangu."

Turubai ni moja. Zelman akamtazama Rifka. Rifka akafumba macho, hakusema ndiyo, hakusema hapana. Zelman akamchora Anton kwa kijani, juu ya uso wa Mirele.

Vita vikaisha. Rifka alikuwa amezaa mle darini mtoto wa kike, Hanele. Hawakuwa na pa kurudi, wakabaki nyumba ile ile, picha ukutani, mpaka Hanele akawa mtu mzima na Zelman akafa. Picha akamwachia Hanele. Hapo ndipo Rifka akamwita fundi wa kusafisha picha za kale, na fundi akasema, "Rangi ya juu naweza kuitoa, ya chini itatokea. Lakini ya juu haitarudi tena."

Rifka akasema, "Itoe! Miaka yote namtazama Anton nikimtafuta Mirele. Mtaniambia sikukataa. Ningekataaje, nina tumbo, na uhai wetu uko mdomoni mwa mama aliyefiwa kwa ajili yetu? Niliogopa! Kilichotolewa kwa hofu si zawadi."

Teodora akasema, "Rifka dada yangu, uliniogopa mimi? Mimi niliyemzalisha Hanele kwa mikono hii? Ningewataja, mwanangu si angekuwa amekufa bure? Wako ulimshika mkono mpaka mwisho. Wangu hata maiti sikupewa. Ukimfuta hapo, nimzike wapi?"

"Kwani homa haiui, Teodora?"

"Inaua. Lakini wako hakufa kwa ajili ya wangu."

Hanele akasema, "Picha ni yangu, na asiguswe mtu. Dada sikumjua. Anton nimekula mkate wake nikiwa tumboni, nimekua akinitazama, ndiye kaka niliyenaye. Na baba angeweza kumkwangua Mirele kwanza, lakini hakumkwangua. Alimfunika, kama mtoto anavyofunikwa asipigwe na baridi."

"Umeshazaa, Hanele?" mama yake akauliza.

"Sijazaa, mama."

"Basi usiniambie habari za kufunika mtoto."

Fundi amelowesha pamba kwa dawa ya kutoa rangi, ameishika, anawatazama wote watatu. Haya wenzangu, mnaolea na msiolea: mmoja alinyamaza kwa hofu, mmoja alilipa kwa mwanawe, mmoja ameachiwa picha kwa haki. Je, ni nani anayestahili kusikilizwa?